Mahakama ilisema nini hasa? Bunduki, Katiba na kura tano

Hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Maryland. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojipanga karibu na mlango wa jikoni: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za jioni. Asanteni kwa kukubali kusikiliza habari za mahakama huku harufu ya pilau imeshatufikia. Nitajitahidi lisipoe.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie bunduki, na nimekubali kwa sababu moja. Katika kikundi chetu cha simu, kila Mahakama ya Juu inapotoa hukumu juu ya silaha, haipiti saa moja ujumbe unazunguka: "Jamani, sasa Marekani ni ruksa, kila mtu abebe bastola." Baadaye kidogo unaingia mwingine: "Jamani, serikali inakuja kukusanya silaha za watu." Hukumu ni ile ile! Imesomwa na nani? Hakuna aliyeisoma. Kwa hiyo leo nitawauliza swali moja, na nitalirudia mpaka mchoke: Mahakama ilisema nini hasa?

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Tanzania ukitaka kumiliki bastola unaomba, unahojiwa, faili linapanda ngazi, na mwisho wa safari ni kibali. Kenya kuna bodi ya kutoa leseni za silaha. Kote huko silaha ni ruhusa: serikali inakupa, na ikiona sababu inakunyang'anya. Hapa tulipo silaha imeandikwa kwenye Katiba, tangu mwaka 1791, katika Marekebisho ya Pili. Ni sentensi moja tu, maneno 27 kwa Kiingereza. Nusu ya kwanza inasema kwamba mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru. (Mgambo wa wakati ule walikuwa wananchi wa kawaida wanaoitwa na silaha zao kulinda jimbo. Msiwafikirie wale wanaokimbizana na machinga Kariakoo.) Nusu ya pili inasema haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe.

Nusu hizo mbili ni kama mume na mke walioishi nyumba moja zaidi ya miaka 200 bila kuelewana. Je, haki ni ya mgambo? Au ni ya Juma na Mariamu, kila mtu kwake? Mnaweza kudhani suala kubwa namna hii lilijibiwa mapema, enzi za waasisi wenyewe. Halikujibiwa. Mahakama ya Juu ililijibu waziwazi mwaka 2008. Wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa, na baadhi yenu mlikuwa mmeshafika hapa Marekani mnatafuta kazi.

Kabla ya 2008 kulikuwa na kesi moja iliyotegemewa, ya mwaka 1939, na nitawasimulia kwa sababu inaonyesha jinsi sheria kubwa inavyoweza kusimama juu ya msingi wa ajabu. Jambazi mmoja aitwaye Jack Miller na mwenzake, Frank Layton, walikamatwa wakisafirisha shotgani iliyokatwa mtutu kutoka Oklahoma kuingia Arkansas. Sheria ya mwaka 1934 ilitaka silaha ya aina hiyo isajiliwe na ilipiwe kodi ya dola 200, fedha nyingi mno wakati ule. Jaji wa chini akasema sheria hiyo inavunja Marekebisho ya Pili, akawaachia. Serikali ikakata rufaa moja kwa moja Mahakama ya Juu.

Siku ya kusikilizwa, upande wa Miller hakutokea mtu. Wakili wao hakuwa amelipwa, hakusafiri kwenda Washington, wala hakupeleka hoja za maandishi. Majaji wakasikia upande mmoja tu. Na hukumu ilipotoka mwezi Mei, Miller mwenyewe alikuwa ameshakufa. Mwili wake ulikutwa Oklahoma mwezi Aprili, amepigwa risasi. Mahakama ilisema nini hasa? Ilisema haikuonyeshwa kwamba shotgani iliyokatwa mtutu ina uhusiano wowote na kazi ya mgambo, kwa hiyo haiwezi kusema inalindwa. Basi. Kurasa chache. Kwa miaka karibu 70 mahakama za chini ziliichukua hukumu hiyo kuwa imesema haki ni ya mgambo tu, na miji ikatunga sheria kwa kuitegemea. Kesi ya upande mmoja, ya marehemu!

Sasa tufike Washington, hapa hapa jirani, ambako wengi wenu mnaenda kazini kila asubuhi. Mwaka 1976 Halmashauri ya jiji hilo ilipitisha sheria kali kuliko karibu zote nchini. Bastola haikuwa imepigwa marufuku kwa neno hilo. Ilitakiwa isajiliwe, halafu usajili wa bastola mpya ukafungwa. Mnauona ujanja huo? Ushikeni, tutakutana nao tena. Bunduki ndefu uliruhusiwa kuwa nayo nyumbani, ila iwe imetolewa risasi, na iwe imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio.

Dick Heller alikuwa mlinzi mwenye kibali cha polisi maalumu. Kazini kwake, katika jengo la serikali kuu lenye ofisi za masuala ya mahakama, alivaa bastola kiunoni siku nzima. Jioni akirudi nyumbani kwake, jijini humo humo, hakuruhusiwa kuwa nayo. Akaomba kusajili bastola ya nyumbani, akakataliwa. Karatasi ile ya kukataliwa ndiyo iliyompa jina kwenye historia, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapa pana somo la sheria ambalo halisemwi sana.

Kesi ilipoanza, walalamikaji walikuwa sita, na wa kwanza hakuwa Heller. Alikuwa mwanamke mweusi, Shelly Parker, aliyekuwa akipambana na wauza dawa za kulevya mtaani kwake, na akatishiwa mpaka mlangoni pake. Mawakili walimtaka yeye awe sura ya kesi, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini mahakama ya rufaa ikauliza: kati yenu ninyi sita, nani ameshanyimwa kitu? Wengine walikuwa na hofu na nia. Heller alikuwa na karatasi ya kukataliwa. Watano wakaondolewa, akabaki yeye. Katika mahakama za nchi hii hofu yako peke yake haikufikishi mbali. Unahitaji kuwa umegonga mlango ukafungiwa.

Jambo jingine ambalo huwa linawashangaza watu: kesi hii haikuanzishwa na NRA, kile chama kikubwa cha wenye bunduki. NRA mwanzoni haikuitaka kabisa, kwa kuogopa kwamba ikishindwa Mahakama ya Juu mambo yatakuwa mabaya zaidi. Aliyeigharimia ni wakili tajiri, Robert Levy, ambaye mwenyewe hakuwa na bunduki. Kwake yeye lilikuwa suala la Katiba.

Tarehe 26 Juni 2008, hukumu ikatoka. Majaji watano kwa wanne. Jaji Scalia aliandika kwa niaba ya wengi: haki hii ni ya mtu binafsi, haitegemei kuwa kwenye mgambo, na kiini chake ni kujilinda, hasa nyumbani. Na alieleza kwa nini bastola. Ukisoma sehemu ile utadhani unamsikia muuza duka akimweleza mteja: ni rahisi kuihifadhi mahali pa kufikika haraka, si rahisi mvamizi kukupokonya, asiye na nguvu za kuinua bunduki ndefu anaimudu, na unaweza kumwelekezea mwizi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unawapigia polisi. Ndiyo silaha ambayo Wamarekani wameichagua kujilindia nyumbani, akasema, kwa hiyo kuipiga marufuku kabisa hakuwezekani.

Jaji Stevens alipinga. Alisema waasisi walikuwa na wasiwasi juu ya serikali kuu kuvunja mgambo wa majimbo, na hilo ndilo walilolinda. Jaji Breyer naye akasema hata kama haki ni ya mtu binafsi, jiji lenye mauaji mengi ya bastola lina sababu nzuri ya kuzizuia. Mkiniuliza mimi, naona Stevens aliisoma historia ile vizuri zaidi. Lakini Stevens alipata kura nne, na Scalia tano. Mwenye kura tano ndiye anayetuambia Katiba inasema nini, mpaka siku nyingine.

Sasa, ndugu zangu, Mahakama ilisema nini hasa? Hapa ndipo ujumbe wa simu unapokosea. Ndani ya hukumu ile ile, kwa kalamu ya Scalia yule yule, iliandikwa kwamba haki hii ina mipaka kama haki nyingine zote. Hakuna kilichosemwa cha kutilia shaka sheria za siku nyingi zinazowakataza watu waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, au wagonjwa wa akili, kumiliki silaha. Wala sheria zinazokataza silaha shuleni na kwenye majengo ya serikali. Wala masharti ya biashara ya kuuza silaha. Silaha za hatari zisizo za kawaida zinaweza kukatazwa. Wanaoishangilia hukumu ile wanairuka aya hiyo. Wanaoilaani wanairuka pia.

Na Heller mwenyewe? Aliporudi kusajili, jiji lilikuwa bado na tafsiri yake pana ya bunduki ya rashasha, ikameza hata bastola za kawaida za magazini. Akaanza kwa kusajili rivolva.

Twende Chicago. Hapa nitakaa kidogo, wazee mnivumilie, maana hii ndiyo kesi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya na watu weusi wenzetu.

Washington si jimbo, iko chini ya serikali kuu. Kwa hiyo baada ya hukumu ya Heller swali lilibaki: je, haki hii inazibana pia serikali za majimbo na miji? Chicago ilikuwa na sheria yake tangu 1982, na ujanja ni ule ule niliowaambia muushike: kila silaha isajiliwe, na usajili wa bastola umefungwa. Siku ile ile hukumu ya Heller ilipotoka, kesi ya Chicago ikafunguliwa mahakamani.

Mlalamikaji wa kwanza alikuwa Otis McDonald. Mzee mweusi, fundi wa matengenezo mstaafu wa Chuo Kikuu cha Chicago, mtoto wa wakulima wa Louisiana waliolima shamba la mwenye ardhi kwa kugawana mavuno. Alipanda kwenda kaskazini akiwa na miaka 17. Alinunua nyumba mtaa wa Morgan Park mwaka 1971, akalea watoto pale, halafu akauona mtaa ukibadilika mbele ya macho yake. Nyumba na gereji yake vilivunjwa mara kadhaa. Alikuwa mwindaji, shotgani alikuwa nazo kihalali. Alichotaka ni bastola ya kuweka karibu na kitanda, kwa sababu mzee wa miaka sabini na kitu akiamshwa usiku hana nafasi ya kuzungusha mtutu mrefu chumbani.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kimezuia njia yake. Kilikuwa hukumu ya mwaka 1876, na hukumu hiyo ilizaliwa huko huko Louisiana alikozaliwa yeye.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1873, katika mji wa Colfax. Utumwa umeshakomeshwa, watu weusi wanapiga kura, na kuna ugomvi juu ya nani alishinda uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Watu weusi wamejikusanya kulinda jengo la mahakama ya wilaya. Kundi la wazungu wenye silaha likafika na mzinga. Jengo likachomwa moto. Wengi waliuawa baada ya kujisalimisha. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 60 hivi na kufika 150. Serikali kuu ikawashtaki baadhi ya wauaji, na miongoni mwa mashtaka ni kwamba waliwanyang'anya watu wale haki yao ya kuwa na silaha. Mahakama ya Juu ikawaachia huru. Ilisema Marekebisho ya Pili yanaizuia serikali kuu tu. Mengine tafuteni ulinzi kwenye jimbo lenu. Jimbo lipi? Louisiana ya mwaka 1876!

Hukumu hiyo ndiyo iliyokuwa bado hai miaka 134 baadaye, na mzee McDonald ilibidi aiondoe ili aweze kulala na bastola kwenye droo. Mawakili wake wakakumbusha kwamba baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe majimbo ya Kusini yalitunga sheria za kuwanyang'anya silaha watumwa walioachiwa huru. Mississippi mwaka 1865 iliwakataza watu weusi kuwa na silaha bila kibali, isipokuwa walio jeshini. Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868 yaliletwa kuvunja mambo kama hayo.

Tarehe 28 Juni 2010, watano kwa wanne tena, Jaji Alito akaandika kwamba haki ile inazibana serikali za majimbo na miji pia. Jaji Thomas alikubali matokeo kwa njia yake mwenyewe, akaieleza historia ya Colfax na ya watu weusi walioachwa bila ulinzi kwa kirefu na kwa uchungu. Unaweza kutokubaliana na Thomas kwa mambo mengi, nami ni mmoja wao, lakini kurasa zile zisome.

Je, McDonald alikuwa sahihi? Chicago hiyo hiyo imezika vijana wengi weusi kwa bastola, na meya wa wakati ule, Richard Daley, aliililia sheria yake kwa sababu hiyo. Sitawadanganya kwamba upande mmoja ni wa watu wema na mwingine wa wabaya. Mzee aliyeibiwa na mama aliyefiwa mtoto wanaweza kuishi mtaa mmoja, na wote wawili wana haki ya kusikilizwa.

Jiji lilifanya nini baada ya kushindwa? Mtacheka. Siku nne baadaye, tarehe 2 Julai, madiwani walipitisha sheria mpya kwa kauli moja. Bastola sasa ruksa, ila kibali kinahitaji saa moja ya mafunzo ya kulenga shabaha kwenye uwanja maalumu. Halafu sheria ile ile ikapiga marufuku viwanja vya shabaha ndani ya jiji. Ujanja wa tatu, mjomba wake wa kwanza! Mahakama ya rufaa ikausimamisha mwaka 2011. Naomba mkumbuke hili mtu akiwaambia kwamba hukumu imemaliza jambo.

Tuharakishe, naona mama jikoni ananiangalia.

Hukumu ya tatu ni ya New York, tarehe 23 Juni 2022. Hizi mbili za kwanza zilihusu nyumbani. Hii ilihusu barabarani. New York ilitaka anayetaka kubeba bastola iliyofichwa aeleze sababu ya pekee, inayomtofautisha na wananchi wengine. Kuogopa wezi hakukutosha, maana kila mtu anaogopa wezi. Majaji sita kwa watatu wakasema hapana: haki za Katiba haziombwi kwa kueleza shida zako kwa ofisa. Majimbo sita yalikuwa na utaratibu wa aina hiyo, pamoja na jiji la Washington. Maryland yetu ilikuwa mojawapo. Kabla wiki mbili hazijaisha, Gavana Hogan alisimamisha sharti letu la kuonyesha sababu nzuri na ya msingi.

Yote hayo yalikuja mwezi mmoja baada ya Buffalo, walikouawa watu 10 dukani, na Uvalde, walikouawa watoto 19 na walimu wawili darasani. Jaji Breyer alianza upinzani wake kwa hesabu: mwaka 2020 Wamarekani 45,222 walikufa kwa risasi. Nami niongeze, kwa sababu halisemwi kwenye mikutano yetu: zaidi ya nusu ya hao walijiua wenyewe. Wazazi mliopo hapa wenye silaha nyumbani, na kijana chumba cha pili ambaye siku hizi haongei, mmenisikia.

Mahakama ilisema nini hasa? Haikusema kila mtu abebe. Kibali kinaruhusiwa. Alama za vidole, ukaguzi wa rekodi, mafunzo, vyote vinaruhusiwa. Hapa Maryland bado unaomba kibali cha kubeba kwa Polisi wa Jimbo. Na hata kununua bastola unahitaji leseni yake kwanza, yenye alama za vidole na mafunzo. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani, na mahakama ikaiacha ibaki. Anayewaambia kwamba mambo ni ruksa tu, mwacheni atangulie yeye kwenye kituo cha polisi.

Ila hukumu hii ilileta kipimo kipya, na mimi kipimo hiki sikipendi. Jaji Thomas alisema serikali ikitaka sheria yake ya silaha isimame, ionyeshe kwamba inafanana na desturi ya sheria za silaha katika historia ya nchi hii. Majaji nchi nzima wakageuka watafutaji wa nyaraka za karne ya 18. Je, mwaka 1791 walikuwa na sheria ya kumnyang'anya silaha mume anayempiga mkewe? Hawakuwa nayo. Wakati ule mume kumpiga mke lilikuwa jambo la ndani. Basi tufanyeje?

Kijana wa Texas, Zackey Rahimi, ndiye aliyelifikisha swali hilo juu. Mwaka 2019 aligombana na mpenzi wake kwenye maegesho ya magari, akamburuta hadi kwenye gari, kichwa chake kikagonga dashibodi. Akaona kuna mtu anatazama, akachukua bastola. Yule dada akapata nafasi ya kukimbia, nyuma yake risasi ikalia. Mahakama ikampa Rahimi amri ya kutomkaribia, na kwa sheria ya serikali kuu aliye chini ya amri kama hiyo haruhusiwi kuwa na silaha. Yeye akaendelea. Miongoni mwa visa vyake, alifyatua risasi hewani nje ya mgahawa wa mikate ya nyama kwa sababu kadi ya benki ya rafiki yake ilikataa! Polisi walipopekua alikokaa walikuta bastola, bunduki, na nakala ya ile amri ya mahakama.

Mahakama ya rufaa, ikifuata kipimo kile cha historia, ikafuta hatia yake. Akina mama wengi walilala vibaya siku hizo. Lakini tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu ikarekebisha, majaji wanane kwa mmoja. Jaji Mkuu Roberts alisema hatutafuti sheria pacha ya karne ya 18, tunatafuta kanuni yake, na kanuni ya tangu zamani ni kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio la dhahiri kwa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Aliyepinga ni mmoja tu, yule aliyeandika kipimo chenyewe, Thomas.

Kwa hiyo dada yangu, wewe unayefichwa jina na ambaye umeambiwa kwamba amri ya mahakama ni karatasi tu: kuhusu silaha, si karatasi tu. Mahakama ya Juu imeiheshimu kwa kura nane.

Sasa tuje kwetu sisi wageni, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Hamid Rehaif alitoka Falme za Kiarabu kuja Florida na viza ya masomo. Alama zikawa mbaya, chuo kikamwondoa na kumwarifu kwamba hadhi yake ya uhamiaji itafikia mwisho. Hakuondoka. Siku moja akaenda kwenye uwanja wa shabaha, akapiga shabaha kama wanavyofanya vijana wengi hapa mwishoni mwa wiki. Akashtakiwa kwa kumiliki silaha akiwa nchini kinyume cha sheria, akahukumiwa miezi 18. Bunduki yenyewe haikuwa hata ya kwake.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, saba kwa wawili, ilisema waendesha mashtaka walitakiwa kuthibitisha kwamba alijua hadhi yake imekwisha. Nasikia wengine wakisema, "Basi ukisema hukujua, umepona." Hapana! Mahakama ilisema nini hasa? Ilisema serikali ina mzigo wa kuthibitisha kwamba ulijua. Ukiwa una barua ya uhamiaji kwenye droo yenye jina lako, mzigo huo si mzito hata kidogo.

Kwa ufupi iko hivi. Raia na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wanaweza kumiliki, kwa masharti ya jimbo. Aliye hapa bila hadhi ya kisheria haruhusiwi kushika silaha wala risasi, hata ya kuazima, hata kwa dakika za shabaha. Aliye na viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, naye kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya wenye leseni ya uwindaji. Fomu ya dukani inauliza uraia wako na hadhi yako, na kudanganya kwenye fomu ile ni kosa jingine juu ya la kwanza. Na mwenye kadi ya ukaazi akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama amekaa hapa miaka 20 na watoto wote wamezaliwa Baltimore. Mtu akikualika kwenye uwanja wa shabaha na hujui hadhi yako imesimamaje, mwambie una shughuli. Kafue hata nguo.

Kilichobaki ni bunduki ndefu za nusu otomatiki zenye sura ya kijeshi, ambazo Maryland ilizipiga marufuku mwaka 2013, baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook. Mahakama yetu ya rufaa ilisema mwaka 2024 kwamba sheria hiyo ni halali na inabaki. Juni 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Majaji watatu walitaka isikilizwe, na wa nne, Kavanaugh, akaandika kwamba suala lile linapaswa kufika kwao karibuni. Kesi husikilizwa kwa kura nne, ila kuishinda kunataka tano. Kwa hiyo mkisikia siku moja kwamba Mahakama imeichukua kesi ya bunduki hizo, mjue hesabu imeanza upya, na mnitumie hukumu yenyewe, msinitumie video ya mtu anayepiga kelele ndani ya gari.

Maswali sasa. Naanza na mama pale nyuma, ambaye amenyoosha mkono tangu tulipokuwa Chicago. Karibu mama, na sauti tafadhali.